Mwajabu na Dereva wa Maji

Ujumbe wenyewe wa sauti haukufika hata dakika moja. Mwajabu aliuweka mara tatu, simu ikiwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, kabla hajaniuliza kitu. Ilikuwa alasiri, sebuleni kwake Bunju. Feni ilizunguka, mlango ulikuwa wazi, na nje mtu alikuwa akigonga misumari kwenye bati.

"Mwajabu, mie Salek," ilisema sauti ya mwanamume. "Mie mzima. Maji yapo, chai ipo. Mwambie Mbwana asiukate ule mpapai, kama dume kama jike tutajua baadaye." Hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Haya. Funga geti."

"Umesikia anavyocheka?" Mwajabu aliniuliza.

"Nimesikia."

"Sasa sikiliza huu. Huu ni wa mwaka juzi."

Wa mwaka juzi ulihusu jino lililokuwa likimsumbua, lakini mwishoni palikuwa na maneno yaleyale ya mpapai, na kicheko kilekile. Sisemi kicheko cha mtu yuleyule. Kilikuwa kilekile chenyewe, kwa urefu uleule, kikikatikia palepale, kama mkwaruzo kwenye kaseti uliyoizoea.

"Na huo mpapai," alisema Mwajabu, "kaka yangu Mbwana alishaukata zamani. Nilimwambia Salek. Akanijibu poa."

"Mie nimeshasema," alisema Najma kutoka mlangoni. "Huyo si mtu. Hiyo simu ni ya kutupa chooni."

"Tupa yako kwanza."

Najma ni binti wa shangazi yangu na jirani ya Mwajabu, na ndiye aliyenipeleka pale. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kukaa miezi kadhaa kwenye kambi za Wasahrawi kule Algeria, nikilala katika hema la familia moja na kujifunza Kiarabu chao, Hassaniya, kwa kukosea mbele ya watoto. Katika ukoo wetu, mwanamke anayesafiri peke yake hana sifa nyingi. Safari hii nilionekana nina kazi.

Mwajabu ni mwosha maiti. Mama yake alikuwa mwosha, na bibi yake, huko Kunduchi walikozaliwa wote. Hiyo si ajira. Mwanamke akifariki Bunju, Boko au Mabwepande, Mwajabu hupigiwa simu, hubeba pamba yake, karafuu maiti na mkunazi, huingia chumbani na wenzake wawili na kufunga mlango. Ana mikono mikubwa na sauti ya chini, na huwa anazungumza na maiti anapowageuza: haya mama, tunageuka kulia, pole, tumemaliza. Najma, aliyekuwa akimsaidia kumimina maji, aliniambia kwamba siku za mwanzo jambo hilo lilimtisha kuliko maiti wenyewe.

Yeye na Salek walikutana msikitini. Pampu ya kisima kilichotoa maji ya kuoshea maiti ilikuwa imekufa, na kampuni ikamleta fundi mmoja mrefu mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Watu wa Bunju walimwita Mwarabu wa Kisima. Alikuwa Msahrawi, aliyezaliwa kambini, akasomeshwa ufundi Kuba, akatumikia jeshi la watu wake, kisha akazunguka dunia akichimba maji kama vile alikuwa akilipiza kisasi kwa jangwa. Aliitengeneza pampu, akarudi kesho yake kuiangalia ingawa ilikuwa haina tatizo, na wiki iliyofuata akarudi tena.

"Nikamwambia, wewe fundi, hii pampu inaumwa nini?" alisimulia Mwajabu. "Akasema, pampu nzima, mgonjwa mie."

Wakaoana.

Kwa asiyewajua watu wake, Wasahrawi ni wenyeji wa Sahara Magharibi, koloni la zamani la Wahispania. Wahispania walipoondoka, chama chao cha ukombozi, Polisario, na jeshi lake viliingia vitani na Morocco juu ya nani mwenye nchi, na maelfu ya watu wakakimbilia Algeria, jirani na mji wa Tindouf, ambako kambi zao ziko mpaka leo. Mwaka 1991 bunduki ziliwekwa chini. Ukabaki ukuta mrefu wa mchanga uliojengwa na Morocco, wenye mabomu ya kutegwa mbele yake. Novemba 2020 makubaliano ya kusitisha mapigano yakavunjika, na wanaume wenye mvi wakaanza kurudi jeshini.

Salek alisikia habari hizo Boko, kwenye kisima cha mtu. Alirudi nyumbani mapema, akaoga, akakaa jikoni.

"Unakwenda kupigana na magoti hayo?" Mwajabu alimuuliza.

"Magoti yatabaki garini."

"Na mie?"

Hilo hakulijibu vizuri, alisema Mwajabu, naye hakumlazimisha. Alimfulia nguo. Salek alipofika kambini alimpigia simu mara moja, akamweleza utaratibu utakavyokuwa.

Utaratibu huo ndio ninaotaka msomaji auelewe, maana nje ya jangwa lile sijauona. Katika kikosi cha Salek hakuna aliyeruhusiwa kukaribia ukuta akiwa na simu. Ndege zisizo na rubani hufuata simu kama nzi wanavyofuata jipu. Lakini kikosi kinahitaji maji, na maji huletwa na lori. Dereva wa lori, mtu anayeitwa Lehbib, ndiye aliyekuwa posta. Wakati mapipa yanajazwa, askari husimama kando yake na kumwambia maneno yake kwa mke au mama. Lehbib huyarudia mpaka yamkae. Akifika kambini huyatamka kwenye simu kwa nafsi ya mwenyewe: mie fulani, mie mzima. Majibu huyabeba vivyo hivyo, kichwani, na kuyatamka mbele ya askari kama yalivyotamkwa na mke. Ni watu waliohama na ngamia karne na karne bila makabati, na wamezoea kuweka vitu kichwani. Sharti la mbebaji ni moja. Haongezi lake wala hapunguzi.

Mke wa Salek alikuwa Bunju na hakujua Hassaniya. Lehbib hakujua Kiswahili hata neno. Salek akampa kwa Kiswahili hivyohivyo, pumzi baada ya pumzi, na Lehbib akahifadhi sauti tupu, kama sie tulivyohifadhi Yasini chuoni kabla hatujajua inasema nini. Alihifadhi na kikohozi. Alihifadhi na mahali pa kucheka.

"Mwanzoni nilikuwa naogopa," alisema Mwajabu. "Sauti nzito kama yake, ila si yake. Halafu nikazoea. Mtu akikwambia maneno ya mumeo kwa pumzi za mumeo, ukifumba macho, basi. Nilikuwa namjibu vitu vyote. Hata vya chumbani."

"Mwenzangu," Najma alisema, "na dereva anasikiliza."

"Dereva haelewi. Na wewe nani kakwambia usikilize?"

Halafu maneno yakaanza kurudi. Kwanza sentensi moja aliyowahi kuisikia. Baadaye ujumbe mzima ulikuja ukiwa na vipande vya jumbe za zamani vilivyoungwa: jino, mpapai, salamu ya Idi iliyokuja si wakati wa Idi. Kila alipomuuliza swali, lilijibiwa na jibu la swali lingine. Mwajabu hakumwambia mtu. Aliendelea kujibu.

Siri hiyo ilitoboka katika chumba cha kuoshea maiti. Walikuwa wakimwosha mama mmoja wa Bunju B, mlango umefungwa, na mkoba wa Mwajabu ulikuwa umeegemea ukuta. Simu ndani ya mkoba ilibanwa na kitu, sijui nini, ikaanza yenyewe kwa sauti ya juu. "Mwajabu, mie Salek. Mie mzima." Mwanamke aliyeshika kopo aliliachia. Ujumbe ukaendelea mpaka mwisho, na kicheko chake, na Mwajabu mikono yake imelowa na maiti yuko ubavu, hawezi kumwachia. "Haya. Funga geti." Wanawake wawili walitoka nje. Alimalizia peke yake.

Kuanzia hapo hakuitwa. Alifika msiba mmoja bila kuitwa, na mama mwenye nyumba akampokea kwa upole mlangoni: "Pumzika leo, mwanangu. Wenzio wameshaanza." Bunju ilikuwa imekata shauri. Mume amekufa, mke anasikia sauti yake, na hajakaa eda. Mjane asiyekaa eda anatembea na maiti yake mgongoni, na sasa anakwenda kuwagusa maiti wa watu. Watu waliapa kwamba nyumba aliyoosha Mwajabu mwezi fulani ilipata msiba wa pili kabla ya arobaini. Watoto waliacha kupita karibu na geti lake.

Kaka yake, Mbwana, alitaka aende kwa kadhi ndoa ivunjwe, mambo yaishe.

"Nikiivunja na yeye yu hai?" Mwajabu aliniuliza alasiri ile. "Nikikaa mke wa mtu na mtu mwenyewe keshakufa? Mie sitaki maneno mengi. Nataka kujua mie ni mke au mjane. Nikijua, nitajua nivae nini na niingie nyumba ya nani."

"Hujawahi kumpima?" nilimuuliza.

Kisha akaitafuta simu, akaniwekea ujumbe aliokuwa ameutuma yeye mwenyewe, wa wiki chache nyuma. Sauti yake ilikuwa ya haraka, kama mtu anayekimbia: "Salek, nyumba imeungua. Yote. Sina pa kulala."

Jibu lilikuja baada ya siku nyingi. Upepo nyuma, na mlio wa injini iliyozimwa karibuni, ile titititi ya chuma kinachopoa. "Alhamdulillah," ilisema sauti. "Mke wangu, nimefurahi sana. Mpe Mbwana asante. Na mie nimekula vizuri leo."

Nje misumari ilikuwa imenyamaza. Nimewahi kusikia mengi ya kutisha katika lugha nyingi, lakini yale yalitamkwa kwa mapenzi.

"Uliza wewe," alisema Mwajabu. "Kwa lugha yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa lugha yake."

Nikarekodi palepale, kwa Hassaniya yangu ya kitoto. Nilijitambulisha kama ndugu wa mke wa Salek. Nikamsalimu jinsi kule wanavyosalimu, kwa kuulizia afya, watu, mifugo na mvua, maana bila hivyo hujibiwi. Kisha nikauliza: Haya maneno unayotuletea ni ya nani? Salek yu hai?

Tukasubiri. Nilirudi kwangu Kawe, nikaandika mambo mengine, nikawa ninaamka na kuitazama simu isiyo yangu kwa mawazo. Siku moja asubuhi Mwajabu akanipigia.

"Imekuja. Ndefu. Sijui neno lakini jina lake limetajwa mara moja tu, mwanzoni. Mtu aliye hai hutajwa mara nyingi. Njoo."

Nilimkuta amekaa chini, mkekani, amejifunga kanga kichwani kana kwamba anakwenda kuosha. Najma alikuwepo. Tuliusikiliza kipande kwa kipande, mimi nikitafsiri. Lehbib alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu aliye karibu na watu waliolala, na sauti ilikuwa imekauka kiasi kwamba baadhi ya maneno niliyakisia.

Salek alikuwa ameuawa kabla ya Ramadhani ya mwaka uliopita. Walikuwa wakirudi kutoka kwenye maji, magari mawili, mchana wa wazi. Hawakusikia ndege wala kitu. Gari la mbele lilisimama tu, alisema, kama mtu aliyekumbuka jambo, na moshi ukaja baadaye. Walimzika palepale alipoanguka, wakamwekea mawe.

"Na wewe mbona hukusema?" Mwajabu aliiuliza simu, ingawa mtu mwenyewe hakuwemo.

Lehbib alikuwa amelijibu hilo bila kuulizwa. Salek aliniachia maneno, alisema. Hakuniachia habari ya kifo chake. Habari ya kifo ina watu wake, hutoka ofisini na hupelekwa hemani na wazee. Walikwenda kwenye hema la mama yake, wakakuta naye alishafariki, wakarudi. Wewe hujaandikwa popote. Na mimi mbebaji siongezi langu. Ulikuwa unaleta maneno kila safari, na sauti yako mwishoni inapanda, nikajua unauliza. Ujumbe usiojibiwa ni kitu kibaya. Nikakupa yaliyokuwepo. Nilichukua pumzi moja hapa na nyingine pale, sikujua ninakata wapi. Nimesubiri mtu aniulize.

Nikasimamisha. Kulikuwa na kipande kimoja bado, nami nilikuwa nimeshakisikia mwanzo wake.

"Endelea," alisema Mwajabu.

Kila safari, alisema Lehbib, napita kwenye mawe yake. Nazima injini. Namwambia maneno yako yote kama ulivyoyasema, na mahali unapocheka nacheka. Siyajui maana. Upepo wa kule haupumziki, lakini nikiyasema maneno yako hutulia mpaka nimalize, na wasaidizi wangu siku hizi hawashuki garini. Ya mwisho uliyoyasema kwa haraka sana, nadhani yalikuwa mazito. Nilimfikishia. Sasa niambie, niendelee au nishushe? Amana haishuki yenyewe.

Mwajabu alitazama mikono yake. Nilidhani atalia.

"Hakuoshwa," alisema.

"Ni shahidi, kafa vitani. Walimzika na nguo zake."

"Sheria naijua, dada. Nasema tu." Akakunja ukingo wa mkeka, akaukunjua. Kisha uso wake ukabadilika, na hofu iliyoingia pale sikuwa nimeiona hata alipokuwa akisimulia misiba na maneno ya watu. "Yale ya mwisho. Ya haraka. Si ndiyo yale ya nyumba?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Ameambiwa nyumba imeungua," alisema Mwajabu. "Yuko kule chini ya mawe anajua sina pa kulala."

"Shoga, maiti hasikii," alisema Najma.

"Wewe umenimiminia maji miaka yote ile, umewahi kuniona namgeuza mtu bila kumwambia?"

Najma akainamisha kichwa.

Mwajabu hakutaka kusubiri hata dakika. Alichukua simu, akakohoa, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemwekea mwenzake njia: "Salek. Nyumba haijaungua. Nilikuwa nakupima, nisamehe. Nyumba ipo, bati lilelile, kitanda kilekile. Mpapai umekatwa, hilo kweli. Nalala ndani. Geti nafunga." Akautuma. Alinikataza kuongeza hata salamu kwa Hassaniya. Alitaka yafike jinsi yalivyo.

Baada ya hapo tulikwenda kwa Sheikh Sadallah, ambaye alimfungisha ndoa. Alitusikiliza barazani kwake, kofia ameishika mkononi. Eda, alisema, huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, mke awe amejua au hajajua. Miezi minne na siku kumi ilishapita zamani. "Huna cha kukaa, mwanangu. Uko huru tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana," Mwajabu alirudia. "Mwaka jana nilikwenda harusi ya mtoto wa Hamisa. Nilipaka hina. Nilicheza."

"Hukuwa na dhambi. Hukujua."

"Sheikh, mie sijauliza dhambi. Nilikuwa mjane na nikacheza mbele za watu, na watu wote wa Bunju wananiona sasa hivi kama ndiyo kwanza nimetoka kucheza. Nikaeje?"

Sheikh aliitazama kofia yake. Kitabu kilikuwa kimesema, na hakuwa mtu wa kubadilisha kitabu. Lakini alikuwa mtu wa pwani pia. "Mwanamke akitaka kukaa ndani kwake," alisema mwishowe, "mimi nina sababu gani ya kumtoa?"

Mwajabu akakaa eda. Mbwana alikasirika, akasema dada yake anajifunga jela iliyofunguliwa, kisha siku ya tatu akaleta gunia la mkaa na mchele. Mwajabu alivaa nyeupe, akaondoa pete na wanja, akakaa chumbani. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, wakiwa na vibakuli, kwanza kutazama kama kweli, baadaye kuketi. Desturi ya Bunju ni kali kuliko kitabu, na kwa desturi hiyo mwanamke wa eda hazungumzi na mwanamume wa kando. Kwa hiyo hakuweza kumjibu Lehbib, na Lehbib, asiyejibiwa, hakushusha.

Nilipita kumwona kati ya safari zangu mbili, moja ya Maputo na moja ya mbali zaidi. Nilikuwa naye chumbani simu ilipolia. Pazia lilikuwa limeshushwa, na alikuwa na nguo nyeupe tupu katika giza lile jepesi la mchana. Wanawake wanne walikuwa kwenye mkeka wakichambua mchele. Aliibonyeza bila kuuliza mtu.

"Mwajabu, mie Salek. Mie mzima."

Hakuna aliyekimbia. Waliacha kuchambua, wakasikiliza mpaka mwisho, wakiwa wameinamisha vichwa kama mtu anayesomewa dua. Kicheko kilipofika, mama mmoja mtu mzima alisema polepole, "Innalillahi," kama vile maiti ndiyo kwanza amewekwa mbele yao. Kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa. Mwajabu hakuwa na mwili wa kuwaonyesha, na msiba wa kwetu unataka kitu katikati ya chumba.

Miezi ilipotimia walimtoa, wakamwosha nywele, wakamfukiza. Juma lilelile alipigiwa simu kutoka Mabwepande, kuna bibi amefariki. Akaenda. Nilimkuta jioni yake, mikono yake inanuka karafuu maiti, ameketi sebuleni amechoka vizuri.

"Sasa nifundishe," alisema.

"Nini?"

"Namna ya kumwambia ashushe. Nikimwambia kwa Kiswahili atakwenda kumsomea Salek. Na sitaki useme wewe. Amana ni ya mume wangu, mie ndiye mrithi, niseme mie."

Niliyatunga maneno mafupi kwa Hassaniya: Lehbib, mimi mke wa Salek. Umefikisha yote. Shusha, Mungu akulipe. Nilimweleza maana yote mara moja, kisha tukaacha maana, tukashika sauti tu. Nilimpa pumzi baada ya pumzi, naye akarudia. Koo lake lilikataa baadhi ya herufi. Alikasirika, akacheka, akaniita mwalimu wa shule ya kata. Tulirudia mpaka chai ikapoa. Aliporekodi alifumba macho na kuyatamka bila kukosea, na nilimsikia akipumua mahali nilipokuwa nikipumua mimi.

Lehbib alikuwa kambini, kwenye mtandao. Jibu lilirudi kabla hatujaondoa vikombe.

Mwajabu alilibonyeza, na papo hapo akarudi nyuma kitini. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee. Nyembamba, taratibu, ya mtu aliyepoteza meno ya mbele, yenye kutetemeka mwisho wa maneno. Hata ule ujumbe wake wa kunong'ona haukuwa umetuonyesha umri huu. Ile nzito tuliyoijua, yenye kikohozi na kicheko cha puani, haikuwemo.

"Nani huyu?"

"Ndiye Lehbib. Hii ndiyo sauti yake."

"Na ile nyingine?"

"Alikuwa anaitoa kwa ajili yako. Alivyoisikia kwa Salek."

Aliurudia ujumbe, ameweka simu sikioni, akimtafuta mle ndani mtu mwingine. Aliurudia tena. Niliona pale alipoacha kutafuta, maana mabega yalishuka.

"Anasemaje?"

"Anasema ameshusha. Anakuombea. Anasema alikuwa anachoka."

Mwajabu aliiweka simu mezani, skrini ikitazama juu.

"Mtu mzima kama baba yangu," alisema. "Miaka yote hii nazungumza naye, na sijamwamkia hata siku moja."